Ildefons Cerdà: Mhandisi aliyeipa Barcelona uhai, akafa akiidai

JIONI inapoingia jijini Barcelona, Uhispania, barabara za mtaa wa Eixample hujaa watu. Wazee huketi kwenye viti chini ya miti, wanunuzi hutoka madukani na mifuko yao, watoto hurejea kutoka shuleni, na mikahawa iliyo kwenye njia panda hupanga meza zake nje hadi usiku. Wataalamu wa mipango ya miji kutoka pande zote za dunia hufunga safari kwenda kuutazama mtaa huo, wakitaka kujua ni kwa nini una uchangamfu ambao mitaa mingi mipya, licha ya majengo yake ya fahari, imeukosa.

Uchangamfu huo haukuzuka wenyewe. Msingi wake ulipimwa kwa mita na kuchorwa kwenye karatasi zaidi ya miaka 160 iliyopita na mhandisi aliyeitwa Ildefons Cerdà. Huyu ni mtu aliyepingwa na baraza la mji aliokuwa akiupangia, akabezwa na wasanifu mashuhuri wa majengo, na hatimaye akaaga dunia mkono mtupu, mbali na barabara alizozichora.

Cerdà alizaliwa Desemba 23, 1815 katika shamba la wazazi wake karibu na mji mdogo wa Centelles, eneo la Catalonia, kaskazini mashariki mwa Uhispania. Ukoo wake ulikuwa umemiliki ardhi hapo kwa karne kadhaa. Kwa kuwa alikuwa na kaka waliomtangulia, hakutarajiwa kurithi shamba hilo, na wazazi wake wakaamua kumwelekeza kwenye ukasisi. Alipelekwa katika seminari ya mji wa Vic, ambako alifundishwa Kilatini na falsafa.

Kijana huyo hata hivyo alivutiwa zaidi na hesabu kuliko madhabahu. Mnamo 1832 alihamia Barcelona kusomea hisabati na usanifu wa majengo. Miaka mitatu baadaye alifunga virago na kwenda Madrid, akajiunga na chuo cha wahandisi wa barabara, mifereji na bandari, ambako alifuzu mnamo 1841. Serikali ilimwajiri mara moja, na kwa miaka kadhaa akawa anahamishwa kutoka mkoa mmoja hadi mwingine akisimamia ujenzi wa barabara na madaraja.

Tukio lililobadili fikra zake lilitokea mwaka wa 1844, alipokuwa safarini kusini mwa Ufaransa. Katika mji wa Nîmes aliona garimoshi likifanya kazi. Hakustaajabia chuma na mvuke peke yake. Kilichomshangaza zaidi ni umati wa watu na shehena za mizigo zilizoshuka kwa mkupuo mmoja. Alijiuliza miji ya kale, yenye vichochoro vilivyopimwa kwa upana wa punda na mkokoteni, ingewapokea vipi watu wengi kiasi hicho, na wangepita wapi.

Mwaka wa 1848 ulikuwa na mambo mengi kwake. Kaka zake walikuwa wamekwisha kufariki, na mali yote ya familia ikaangukia mikononi mwake. Alimwoa Clotilde Bosch, binti wa mwenye benki. Mwaka huo huo, reli ya kwanza katika rasi yote ya Iberia ilifunguliwa kati ya Barcelona na Mataró. Mwaka uliofuata, Cerdà aliacha kazi ya serikali pamoja na mshahara wake wa uhakika. Aliamua kutumia urithi wake kuchunguza jambo ambalo wakati huo halikuwa na hata jina la kitaaluma: jinsi miji inavyokua, na jinsi inavyopaswa kupangwa ili binadamu aishi humo kwa utu. Mnamo 1851 alichaguliwa kuwa mbunge, akiwa upande wa wanamageuzi.

MJI ULIOFUNGIWA

Barcelona ya siku hizo ilikuwa mithili ya gereza. Baada ya mji huo kushindwa vitani mnamo 1714, watawala wa Madrid waliuzungushia ulinzi mkali. Walizidumisha kuta zake, wakajenga ngome kubwa kando yake, na wakapiga marufuku ujenzi wowote katika uwanda wa nje, umbali ambao kombora la mzinga lingeweza kufika. Kwa zaidi ya karne moja, ardhi tambarare kati ya mji na vijiji vya jirani ilibaki mashamba na vichaka.

Wakati huo huo, viwanda vya nguo vilivyoendeshwa kwa mvuke vilianza kuchipuka ndani ya kuta kuanzia miaka ya 1830. Watu waliotafuta kazi walimiminika kutoka mashambani. Kwa kuwa mji haungeweza kupanuka, nyumba ziliongezwa ghorofa juu ya ghorofa, vyumba vikagawanywa, na nyua zikajengwa mabanda. Kufikia katikati ya karne hiyo, zaidi ya watu 800 walikuwa wakiishi katika kila hekta moja, msongamano uliokuwa miongoni mwa mikubwa zaidi barani Ulaya. Kulikuwa na vichochoro ambamo jua halikuwahi kugusa ardhi.

Kipindupindu kilibisha hodi mnamo 1834 na kurudi tena mnamo 1854, na kila mara kiliua maelfu. Ilikuwa baada ya mkurupuko huo wa pili kuanza ambapo serikali iliruhusu kuta zibomolewe. Wakazi walizivamia kwa sururu, na hatimaye mji ukaweza kupumua.

Swali likawa ni nini kijengwe kwenye uwanda huo mtupu. Mnamo 1855, Cerdà alipewa jukumu la kuupima. Aliifanya kazi hiyo kwa umakini mkubwa, akionyesha miinuko na mabonde kwa tofauti ya mita moja moja. Wengine wangeishia hapo na kuanza kuchora barabara. Yeye alirudi kwanza ndani ya mji wa zamani.

Mwaka huo wa 1855, wafanyakazi wa viwandani walikuwa wamefanya mgomo mkubwa uliokwamisha shughuli zote. Cerdà alitaka kujua waliishi vipi. Katika uchunguzi alioukamilisha mnamo 1856, alikusanya takwimu za tabaka la wafanyakazi kwa undani ambao mji huo haukuwa umeuona: mishahara ya kila kazi, siku ambazo kazi hukosekana, bei ya mkate, gharama ya mavazi, kodi ya nyumba, ukubwa wa vyumba na idadi ya watu waliolala humo. Alikokotoa hata kiasi cha hewa ambacho mtu aliyelala anakihitaji ili aamke akiwa na afya.

Matokeo yake yalikuwa machungu. Mshahara wa wafanyakazi wengi haukutosha kuitunza familia, na maskini walikufa wakiwa na umri mdogo kuliko wakwasi walioishi hatua chache kutoka kwao. Kwa Cerdà, hilo halikuwa jambo la majaliwa. Upana wa barabara, kimo cha nyumba na ukubwa wa ua vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoamua nani aishi na nani afe, na vyote hivyo viliweza kubadilishwa na kalamu ya mhandisi.

MITA ZENYE MAANA

Mpango alioutoa mnamo 1859 ulikuwa mwepesi kuutazama. Uwanda wote uligawanywa katika vitalu, yaani maeneo ya mraba yaliyozungukwa na barabara pande zote nne. Kila upande wa kitalu ulikuwa na urefu wa mita 113 na ushei. Barabara za kawaida zilipewa upana wa mita 20, na zile kuu zikawa pana zaidi. Vitalu vilielekezwa kwa namna ambayo kila upande wa kila nyumba ungepata jua wakati fulani wa siku.

Siri ya mpango huo ilikuwa katika mambo madogo. Katika mita 20 za barabara, Cerdà alitenga 10 kwa magari ya farasi, na 10 zilizosalia akawagawia watembea kwa miguu, tano kila upande. Kwa maneno mengine, nusu ya barabara ilikuwa mali ya mtu asiyekuwa na farasi wala gari. Miti ilipangwa ipandwe kila baada ya mita nane ili kumpa kivuli mtu huyo. Na kwa kuwa vitalu vilikuwa vifupi, aliyetembea alifika njia panda kila baada ya dakika mbili hivi na kuweza kuchagua pa kuelekea.

La ajabu zaidi lilikuwa zile pembe. Badala ya kuacha nyumba zikutane kwa ncha kali, aliagiza pembe nne za kila kitalu zikatwe kimshazari. Nia yake ilikuwa kwamba magari, na hata treni ndogo za mvuke alizoamini zingekuja kupita barabarani, yaweze kupinda na kuonana mapema. Lakini kukata pembe kulizaa jambo jingine kubwa: kila makutano ya barabara yaligeuka kuwa uwanja mdogo wenye pande nane. Hivyo badala ya mji kuwa na viwanja vichache vya kifahari, ulipata mamia ya viwanja vidogo, kila kimoja mlangoni pa watu. Ni kwenye pembe hizo ambapo maduka ya dawa, mikate, magazeti na kahawa yalikuja kuweka makazi.

Nyumba, kwa mujibu wa mpango wake, zilipaswa kujengwa kwenye pande mbili tu za kitalu, na zisizidi kimo cha mita 16. Sehemu iliyobaki ingekuwa bustani iliyo wazi kwa wote. Kila mtaa wa vitalu kadhaa ungekuwa na shule na kanisa lake, masoko yangesambazwa kwa uwiano, na hospitali na bustani kubwa zingetengewa nafasi. Hapakuwa na mtaa wa mabwanyenye wala mtaa wa makabwela. Vitalu vyote vilifanana, kwa sababu Cerdà aliamini kwamba jua na hewa havipaswi kugawanywa kwa kigezo cha mfuko wa mtu.

VITA VYA KARATASI

Serikali ya Madrid iliuidhinisha mpango huo Juni 1859. Baraza la mji wa Barcelona likaghadhabika. Lilikuwa limetangaza shindano lake lenyewe, na mnamo Oktoba mwaka huo likamtangaza msanifu Antoni Rovira i Trias kuwa mshindi. Mchoro wa Rovira uliufanya mji wa zamani kuwa kitovu, na barabara kuu zikatoka hapo kama vijiti vya pepeo. Ulikuwa mji uliowapendeza waliozoea kuona mamlaka yakikaa katikati na wengine wakizunguka pembeni.

Mnamo 1860 Madrid ilikata shauri kwamba mpango wa Cerdà ndio utakaotekelezwa, na baadaye mwaka huo Malkia Isabel wa Pili akaweka jiwe la msingi. Uamuzi huo ulimpa Cerdà ushindi na balaa kwa pamoja. Kwa watu wa Barcelona, mpango wake ukawa amri ya watawala wa mbali, na yeye mwenyewe, Mkatalani wa kuzaliwa, akatazamwa kama wakala wa wageni. Ni vigumu kwa mtu kusikilizwa nyumbani akiwa amepitishiwa mlango wa nyuma.

Wapinzani wake wengine hawakujali siasa za Madrid. Walikuwa wenye mashamba katika ule uwanda, ambao waliona kwamba barabara pana na bustani zingewala ardhi ambayo wangeweza kuijengea nyumba za kupangisha. Kwao, kila mti wa Cerdà ulikuwa chumba kilichopotea.

Yeye aliendelea kuandika. Mnamo 1867 alichapisha kitabu kikubwa chenye juzuu mbili kuhusu nadharia ya ujenzi wa miji. Kwa kuwa hakupata neno la kuitaja elimu aliyokuwa akiianzisha, aliliunda kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya mji, akilihusisha pia na jembe ambalo Waroma wa kale walilitumia kuchora mpaka wa mji mpya. Neno hilo lilitapakaa katika lugha nyingi za Ulaya, na leo hutumiwa na wengi wasiowahi kumsikia mwenye kulitunga. Kitabu chenyewe hakikupata wasomaji wengi, na kwa takriban karne nzima kilisahauliwa.

BUSTANI ZALIWA

Wakati Cerdà akiandika, mpango wake ulikuwa ukiliwa kipande kwa kipande. Nyumba zilizopaswa kuwa pande mbili za kitalu zilijengwa pande tatu, kisha zote nne. Bustani za katikati zilifungiwa, kisha zikajazwa karakana, maghala na viwanda vidogo. Ghorofa ziliongezeka. Kanuni za ujenzi zilizotolewa na mji huo mnamo 1891, miaka 15 baada ya kifo chake, ziliruhusu takriban robo tatu ya kitalu ijengwe. Sehemu kubwa ya uwazi aliowatengea wenyeji iliishia kuwa mali ya wachache.

Hata hivyo kuna kitu ambacho wenye mashamba walishindwa kukila. Barabara zenyewe zilibaki na upana wake. Mara tu mstari wa barabara ulipokwisha kuwekwa na nyumba za kwanza kusimama, haikuwezekana tena kuusogeza. Pembe zilizokatwa nazo zilisalimika, kwani kila jengo jipya lilipaswa kufuata mstari uliokwishawekwa.

Cerdà hakuacha siasa. Mnamo 1873, wakati Uhispania ilipokuwa jamhuri kwa muda mfupi, alikuwa miongoni mwa viongozi wa baraza la mkoa wa Barcelona. Lakini jamhuri ilipoanguka, naye alibaki bila kinga. Urithi wa familia ulikuwa umekwisha, ameutumia katika utafiti na uchapishaji. Ndoa yake ilikuwa imevunjika siku nyingi. Malipo ya kazi yake kubwa aliyokuwa akiyadai hayakumfikia. Bintiye Clotilde, aliyejulikana jukwaani kwa jina la Esmeralda Cervantes, alikuwa akipata umaarufu kwa kupiga kinubi katika kumbi za Ulaya na Amerika, lakini baba yake alikuwa akiishi kwa dhiki.

Alifariki Agosti 21, 1876 huko Caldas de Besaya, kaskazini mwa Uhispania, mahali penye chemchemi za maji moto alipokwenda kutafuta nafuu. Alikuwa na umri wa miaka 60.

KUFUFULIWA KWA JINA

Kifo hakikumwondolea maadui. Wasanifu walioijengea Barcelona majumba ya kifahari mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 waliuona mpango wake kuwa mkavu na wa kuchosha. Josep Puig i Cadafalch, msanifu na mwanasiasa aliyekuwa na usemi mkubwa, alikuwa mstari wa mbele kuushutumu. Lakini nyumba iliyomletea Puig sifa, Casa Amatller, ilijengwa ndani ya Eixample, kwenye barabara ya Passeig de Gràcia. Naye Antoni Gaudí alijenga Casa Milà, kati ya 1906 na 1912, kwenye pembe mojawapo iliyokatwa na Cerdà, na ukuta wake unaojipinda kama wimbi unaonekana vizuri kwa sababu ya uwazi wa njia panda hiyo. Kanisa la Sagrada Família, lililoanza kujengwa mnamo 1882, limesimama katika kitalu kimoja kizima cha mchoro wake. Waliombeza walikuwa wakisimama juu ya mabega yake.

Mambo yalianza kugeuka katika nusu ya pili ya karne ya 20, watafiti walipofukua maandishi yake. Mnamo 1976, miaka 100 baada ya kifo chake, mpango mpya wa jiji uliwekea mipaka ujenzi uliokuwa ukiendelea kuvimba. Kuanzia miaka ya 1980, baraza la jiji lilianza kuzikomboa nyua za katikati, moja baada ya nyingine, na kuzirudisha kuwa bustani za umma. Moja ya nyua za kwanza kufunguliwa, yenye mnara wa kale wa maji, sasa hupokea watoto wanaoogelea wakati wa joto.

Magari nayo yalikuwa yamenyakua sehemu kubwa ya barabara. Ili kurejesha nafasi hiyo, mnamo 2016 Barcelona ilianza kuunganisha vitalu katika mtaa wa Poblenou ili magari yapitayo tu yazungukie nje, na mnamo 2018 ikafanya hivyo katika mtaa wa Sant Antoni. Mnamo 2023, sehemu ya barabara ya Consell de Cent ilikabidhiwa watembea kwa miguu na miti. Hatua hizo zimezua mabishano, baadhi ya wenye biashara na wenye magari wakizipinga hata mahakamani. Lakini ziliwezekana kwa sababu nafasi ilikuwepo ya kubishaniwa.

Wapo wanaosema kwamba waliouharibu mpango wa Cerdà ndio walioufanya mtaa uchangamke, kwa kuwa wingi wa watu katika ghorofa zilizoongezwa ndio unaolisha maduka na mikahawa. Hoja hiyo ina uzito wake, kwani barabara bila watu ni jangwa. Lakini watu wengi walikuwepo pia ndani ya kuta za zamani, tena wamebanana zaidi, na walichovuna humo ni kipindupindu. Tofauti ilikuwa zile mita tano za kila upande, kivuli cha miti, na pembe zilizoachwa wazi ili wapitao waonane na wasimame.

Barcelona iliadhimisha miaka 150 ya mpango huo kwa maonyesho na makongamano kati ya 2009 na 2010. Kiwanja kimoja kikubwa kimepewa jina lake. Kwa kinaya, ni makutano ya barabara pana yaliyotawaliwa na magari, mahali ambapo mtembea kwa miguu hana sababu ya kusimama. Anayetaka kumkumbuka Cerdà hana budi kwenda kwenye njia panda yoyote ya Eixample, akavuta kiti kwenye mojawapo ya pembe zile, na kuwatazama watu wakipita.